Mguu Uliolala kwenye Klachi

Waya alikuwa amelala chali chini ya dashibodi ya gari la kaka yake, tochi mdomoni, miguu nje ya mlango, akijiuliza kama kuna mwendawazimu mwingine duniani anayemnolea mpinzani wake kisu.

Jumamosi wangeshindana, yeye na Spana, ndugu yake wa tumbo moja. Mshindi ndiye ambaye jina lake lingeandikwa kwenye kibao cha gereji yao. Mama yao, mwenye kiwanja na mwenye neno la mwisho, alikuwa amechoka kuwasikiliza wakibishana. "Nendeni mkakimbie," aliwaambia. "Atakayetangulia aandike jina lake, na mwingine anyamaze."

Spana alikuwa bingwa wa injini, hilo halina ubishi, lakini mbele ya nyaya alikuwa bure kabisa. Ndiyo maana alikuja na kisanduku kidogo cheusi, akakiweka mezani kwa dada yake bila haya. Kazi ya kisanduku hicho ni kukata cheche zinazowasha mafuta ndani ya injini. Dereva akiwa amekanyaga klachi, injini haipiti mizunguko elfu nne kwa dakika hata akikandamiza mafuta mpaka chini. Akiachia klachi, kisanduku kinaachia injini, na gari linachomoka bila magurudumu kuzunguka bure.

"Dada, wewe si ndiye fundi umeme? Au unaogopa?"

Kumwambia Waya anaogopa ni kumtia ufunguo.

Basi akafunga. Ule waya mwekundu kwenye fyuzi, mweusi kwenye bodi, mweupe kwenye koili ya cheche. Kila kiungo alikichomea kwa risasi ya kuunganishia, akakivika mpira. Ikabaki swichi ya klachi, ile inayokiambia kisanduku kwamba mguu uko kazini. Karatasi ya maelekezo ilisema ikae juu, ihisi pedali ikishuka kwa upana wa kidole.

Hapo mkono wa Waya ukasita. Aliujua mguu wa kaka yake kuliko alivyoujua wake. Tangu siku ya kwanza ya kujifunza udereva, Spana hulaza mguu wa kushoto juu ya klachi safari nzima, na akiambiwa, huapa kwamba hajaigusa. Kwa mguu huo, kisanduku kingedhani gari bado liko kwenye mstari wa kuanzia, kikate cheche katikati ya mbio. Kuishusha swichi ilikuwa kazi ya nusu saa tu.

Akakiwaza kibao. Akaikaza swichi palepale karatasi iliposema.

"Kaka, ukishaondoka toa mguu kwenye klachi," alisema akijifuta mikono. Alisema mara moja, tena haraka haraka, kama mtu anayesoma masharti asiyotaka yasikike.

"Sawa, mwalimu," Spana akajibu, akicheka.

Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa shule ya udereva, mama alishusha kitambaa. Spana alichomoka kama aliyeitiwa chakula. Waya akaona taa zake za nyuma, moyo ukamshuka. Mara, pa! Pa! Papapa! Gari la Spana likaanza kulipuka kwenye ekzosi na kujivuta, moshi huku, makelele kule, walimu wa udereva wakiziba masikio. Waya akampita taratibu kabisa.

Spana alishuka, macho mekundu. "Umenihujumu! Damu yangu mwenyewe!"

"Lete ufunguo," alisema Waya. Akaliendesha gari lilelile, uwanja uleule, mguu wa kushoto sakafuni. Halikulia hata pa moja. Mama akamtazama mwanawe wa kiume, kisha mguu wake, akatikisa kichwa.

Jioni hiyo kibao kililetwa, kitupu, na kopo la rangi. Waya alichovya brashi, akaichomoa, akaichovya tena. Herufi ya kwanza haikutoka. Alikuwa ameshinda kwa kufuata karatasi, na aliona aibu.

"Kaka," akaita. "Nilijua. Mguu wako ninaujua. Ningeweza kuishusha ile swichi, sikutaka."

Spana akautazama mguu wake wa kushoto. "Na mimi nilikusikia," alisema. "Nikadhani ni wivu tu."

Waya akaweka brashi chini. Akachukua tochi, akaingia tena chini ya dashibodi, akaishusha swichi mpaka pale ambapo mguu uliolala usingeweza kuifikia. "Kesho tunarudia," alisema. Mama alisikika akisonya jikoni, ila hakukataa.

Kesho yake kitambaa kikashuka. Gari la Spana likaondoka safi, halikupiga hata chafya, likazidi kuwa dogo mbele. "Hiyo ni kazi yangu!" Waya akapiga kelele peke yake ndani ya gari, akigonga usukani kwa furaha. Alikuwa amefika katikati ya uwanja alipokumbuka kwamba anashindwa.

Kibao alikiandika Spana mwenyewe. Kilisema "Gereji ya Spana", kwa herufi kubwa za majivuno. Chini yake aliongeza mstari mdogo, na wateja mpaka leo huuliza maana yake: "Umeme ni kwa Waya. Akikwambia toa mguu, toa."