Njiwa Mwenye Jicho Moja

Askari alikaa mlangoni pa karakana yangu akitafuna soseji, kamba mapajani. Kamba ilikuwa ya kumfunga ndugu yangu Joachim. Alitoroka kiwanda cha vioo cha Jersey, ambako alifungwa kwa mkataba wa miaka na tajiri wake alimchapa mpaka mgongo ukatunga usaha, akakimbilia kwangu huku Maryland, Marekani hii hii. Bwana Pemberton, mwenye kiwanda chetu, aliahidi kumkomboa kwa sharti moja: Joachim apulize bilauri ya arusi ya binti yake, mimi niichonge nakshi, iwe tayari leo. La sivyo, kamba.

Na ni Pemberton huyo huyo aliyetukaripia mpaka bilauri ikatolewa kwenye tanuri la kupozea kabla ya wakati, na kioo kisichopozwa polepole hupasuka. Mwingereza yule! Kuhusu kioo, anachokijua ni bei tu.

Nilishachonga shada na njiwa wawili, likabaki jicho moja. Nikaisogeza bilauri kwenye kigurudumu cha shaba cha kuchongea, kikagusa kidogo tu, nikasikia: tik. Ndani ya kioo. Nikaiondoa haraka. Nikigusa tena, itapasuka mikononi mwangu.

Pemberton akaingia, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mbona huyu ndege chongo?"

"Si chongo, Bwana. Kwetu Ujerumani jicho la mwisho halichongwi mpaka azaliwe mtoto wa kwanza wa maarusi."

Uongo mtupu! Hata sijui ulinitoka wapi.

"We mama, unanifanya mtoto mdogo?" Akageuka, akaita, "Mzee Burkhart! Hebu njoo."

 Burkhart, mkuu wa wapulizaji, alitoka kijiji chetu kulekule, na Joachim alimwacha binti wa mzee huyo kanisani siku ya arusi, keki zimeshaokwa. Tangu siku ile hakutupa hata salamu.

"Ati kwenu jicho linangoja mtoto wa kwanza?" Pemberton akamuuliza.

Burkhart akamtazama Joachim, aliyeganda ukutani. Akaitazama kamba. Akajifuta masharubu polepole, mzee mkorofi yule. Nilitamani kumkaba, nilitamani kumpigia magoti.

"Ndiyo," akasema. "Ukililazimisha mapema, mjukuu huzaliwa kipofu."

 Pemberton akailaza bilauri sandukuni, kwenye majani makavu, akamwashiria askari aende zake.

"Haya. Mtoto akizaliwa nitaileta mwenyewe, utachonga nikiona. Ikipasuka, ndugu yako atarudi Jersey."

Walipoondoka, Joachim aliketi chini akalia kwa kwikwi. Nikamshika Burkhart mkono.

"Mzee wangu, sijui nikushukuruje."

"Usinishukuru, Ottilie. Fungasheni." Akautoa mkono wake. "Jumapili kanisani hukuona? Gauni la binti wa Pemberton limeshaanza kumbana tumboni; mtoto hatakawia."