Mate ya Wariara na Maziwa ya Chepkirui

Korongo FC walipopanda ligi kuu, watu wa Nakuru walimshukuru Mungu, wakamshukuru kocha, halafu wakamshukuru bikizee wao, Shosho Wariara, kwa mate yake. Kabla ya kila mechi ya nyumbani, kapteni Lewis alikuwa akiuleta mpira mpaka kwenye kiti cheupe cha plastiki kilichowekwa mbele kabisa, karibu na laini. Anapiga goti. Wariara anautemea mpira mate kidogo, ptu, ptu, vile wazee wa kwao walivyobariki watoto, kisha anasema, "Haya nendeni, mzae mabao." Uwanja mzima unapiga makofi. Mwanamke aliyeishia darasa la sita, aliyeuza viazi mpaka magoti yakakataa, ni wapi kwingine angepigiwa makofi na uwanja mzima? Kanisani walimpa tu kazi ya kupanga viti.

Shida ni kwamba ligi kuu haikuwa na adabu. Korongo walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, wakafungwa hata siku ile refa alikuwa upande wao waziwazi. Wariara alikuwa anarudi kwake Kiamunyi akiongea peke yake njiani.

"Korongo wa ziwani anasimama na mguu mmoja. Hawa wetu hata huo mmoja hawana. Na huyo Kinyanjui wanasema ni straika! Anakimbia kama mtu anatafuta choo, na akikipata kimefungwa."

Lakini mechi ikifika, alikuwa pale pale kitini, mate tayari.

Siku moja Kamande, mwenyekiti wa mashabiki, alifika kwake na mkate mkubwa na sukari. Wariara akajua papo hapo kuna neno, maana Kamande hakuwa mtu wa kuleta sukari.

"Shosho, sisi tunakupenda sana," Kamande akaanza.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Ni vile mashabiki wanasema... labda mate yamechoka kidogo."

"Mate yamechoka? Si ni miguu ya Kinyanjui imechoka! Mimi nilitemea mpira, sikumtemea Kinyanjui. Ungeniambia mapema ningemtemea."

"Ni kujaribu tu, Shosho. Kuna mama ametoka Olenguruone, anakaa kwa kijana wake hapa hapa Kiamunyi. Gogo Chepkirui, yaani shosho kwa lugha yao. Ako na baraka ya maziwa."

Wariara aliichukua sukari, akafunga mlango.

Mechi iliyofuata alienda, si kwa sababu ya mpira, ila kwenda kumwona huyo mtu. Akamwona. Chepkirui alikuwa mrefu, amesimama wima kama mlingoti, meno yote ni yake mwenyewe. Alikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha ya kwao, na kitita cha nyasi mbichi, na akiutumbukiza ule unyasi na kuurushia mpira maziwa, ungefikiri kuna mvua imetumwa kwake binafsi. Hayo Wariara angeyavumilia. Kilichomchoma ni kiti. Kilikuwa kile kile chake cheupe, lakini juu yake kulikuwa na mto. Mto mwekundu, umeshonwa ushanga pembeni. Yeye alikaa kwenye ile plastiki jua na baridi, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuuliza matako yake yanaendeleaje.

Na huyo mama hakujua mpira! Wariara alikaa safu ya nyuma yake akamsikia akimuuliza Kamande, "Huyu wa firimbi ako timu gani? Mbona wanamnyima mpira na amekimbia vizuri hivyo?"

Kamande akacheka kama mtoto aliyepewa pipi. Wariara angeuliza hivyo angeambiwa amezeeka.

Siku hiyo Korongo walitoka sare. Iliyofuata wakashinda. Ikafuata nyingine wakashinda tena, Kinyanjui akafunga kwa kichwa ilhali alikuwa anainama akwepe. Mji ukachangamka. Kila mtu sokoni alikuwa "Gogo hivi, Gogo vile." Wariara akaacha kula vizuri. Jumapili alipiga magoti kanisani akaanza, "Bwana, kuhusu hii timu, unajua...," na hapo akanyamaza, maana alichotaka hakisemeki mbele ya madhabahu. Alitaka Korongo wapigwe. Wapigwe mbele ya watu, na maziwa yakiwa bado hayajakauka.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu, na Magurudumu ya Salgaa, timu ya madereva wa malori na wenye hoteli za barabarani. Korongo wakitoka sare tu, wanabaki ligi kuu. Wakifungwa, wanashuka. Wariara hakukaa upande wa nyumbani. Alizunguka akaenda kukaa katikati ya watu wa Salgaa, na kwa vile upepo wa kutoka mlima wa Menengai ulikuwa mkali, dereva mmoja aitwaye Micah akamvisha skafu ya kijani ya timu yao.

"Mathe, wewe unatoka Salgaa sehemu gani?"

"Pale karibu na lori."

"Lori gani?"

"Ile kubwa."

Micah akatingisha kichwa kama ameelewa.

Kabla ya filimbi, Chepkirui aliinuka. Nafikiri ushindi ulikuwa umempanda kichwani, maana leo hakutosheka na mpira. Alivuka nyasi na kibuyu chake, akaenda moja kwa moja hadi lango la upande wa Menengai, lile ambalo kipa wa Salgaa alikuwa anajiandaa kulilinda. Akainyunyizia milingoti yake yote miwili, akamwaga na mengine kwenye laini, akainua mikono. "Hili lango lifunguke! Lisikatae kitu!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Wariara akaacha kutafuna hindi lake la kuchoma.

Kwa maana yeye alijua. Baada ya mapumziko timu hubadilishana upande. Lango lililofunguliwa litakuwa la Wasike, kipa wa Korongo. Huyu mama wa watu amewafungulia maadui mlango wa nyumba!

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumtuma mtu kwa Kamande. Wariara alifikiria ule mto mwekundu, akaendelea na hindi lake.

Kipindi cha kwanza, mpira uligonga goti la Kinyanjui ukaingia lango la Menengai. Moja bila. Wariara akajiziba mdomo kwa hindi, furaha aliyoikataa isimtoke. Mapumziko yakaja, yakaisha, na Wasike akatembea akaenda kusimama pale pale penye maziwa. Haukupita muda mrefu, Salgaa wakapiga shuti la kawaida kabisa, shuti la kushika na mkono mmoja huku unakuna kichwa na mwingine. Likampita Wasike kwapani. Moja moja.

Micah alimwinua Wariara juu juu. Na akiwa huko juu aliona ng'ambo kitu kitamu kuliko vyote: Chepkirui amesimama anapiga makofi na vigelegele, maana mpira umeingia pale alipouambia uingie! Kamande alikuwa anamvuta nguo akae, amekunja uso kama ameuma ndimu. Wariara akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kisha watu wa Salgaa wakaanza kuimba, "Korongo rudi ziwani! Korongo rudi ziwani!" Micah akamgeukia, bado anacheka. "Hii timu ni takataka, mathe, si ndio?"

Kicheko cha Wariara kikakatika.

"Takataka ya nani?"

"Si hawa Korongo?"

"Wewe umewajua lini? Umekaa nao kwa mvua? Umewahi kumwona Kinyanjui akikosa lango tupu, ukarudi nyumbani ukalala njaa?" Micah akasogea kidogo. Kuwatukana Korongo ilikuwa kazi yake, Wariara, na hakuwa amemwachia mtu. Kumbe wivu aliokuwa nao juu ya kiti haukuwa kitu mbele ya wivu wa matusi.

Akainuka, akashuka ngazi polepole na magoti yake, akaelekea nyuma ya lango la Menengai. Askari wa uwanja, kijana aitwaye Kosgei, akamzuia.

"Mathe, huku hakuruhusiwi."

"Naenda choo."

"Choo ni ule upande mwingine."

"Kijana, ule upande mwingine ni mbali na mimi nimezaa watoto saba. Ukitaka nikojoe hapa mbele ya televisheni, niambie."

Kosgei akaangalia mawingu. Wariara akapita, akasimama nyuma ya mlingoti wa kushoto, akajifanya anafunga kiatu. Ptu, ptu. "Funga," akaunong'oneza. "Funga, na usijifanye hunijui."

Hakuwa amesimama sawasawa refa alipopiga filimbi. Penalti. Ya Salgaa. Wasike akaruka kulia, mpira ukaenda kushoto, ukagonga mlingoti ule ule, kwaa! ukarudi uwanjani, Lewis akaubutua mpaka upande wa mji. Dakika zikaisha. Moja moja. Korongo wamebaki ligi kuu.

Watu wakamiminika uwanjani, wakambeba Chepkirui juu kwa juu. Mtu akaleta sinendet, ule mmea wa kutambaa ambao watu wa kwao humvisha mshindi, wakamzungushia shingoni. Wariara alikuja mbio kadiri magoti yalivyoruhusu. Ni mate yangu! Ule mlingoti ni wangu! Alifika mbele ya Kamande na mdomo wazi kabisa.

"Shosho! Kumbe ulikuja? Ulikuwa umekaa wapi?" Kamande akamwangalia shingoni. "Na hiyo skafu ni ya nani?"

Mdomo ukafungwa. Maana kusema mate ni yake ni kusema alikuwa amekaa wapi, na kusema alikuwa amekaa wapi ni kusema aliona maziwa yakimwagwa akanyamaza na hindi lake.

"Ni ya baridi," akasema.

Chepkirui alishushwa chini, akaja akamshika mikono yote miwili. "Wewe ndiye yule mama wa mate! Mama, nisaidie. Hawa watu walibadilisha malango katikati, na hakuna mtu ananieleza kwa nini. Msimu ujao tukae pamoja unifundishe. Nitakuletea mto."

"Wa rangi gani?"

"Mwekundu kama wangu."

Wariara akaivua skafu ya kijani, akaikunja, akaiweka ndani ya mkoba.

"Tuanze hata leo," akasema, akamkalisha Chepkirui kwenye benchi la wachezaji. "Tuanze na ofsaidi. Sasa sikiliza vizuri, Gogo. Ofsaidi ni pale mchezaji amechoka anataka kwenda nyumbani, na refa anakataa. Ukiona ile bendera imeinuliwa, wewe simama, piga vigelegele sana."