Bibi Harusi wa Gatsata

Kwetu Gatsata, mwenye ua na heshima zake alifuga korongo. Wetu tulimwita Bibi Harusi, kwa lile taji lake la dhahabu na maringo. Kila manyoya ya mabawa yalipoota upya, nilikaa kwenye kigoda na mkasi, yeye akaja mwenyewe, akanyoosha bawa, nikamkata asije akaruka. Tuliyaita mapenzi.

Mwaka wa tisini na mbili, dume mmoja akaanza kuja. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya bonde la Nyabugogo, alitoka kwenye mafunjo, akatua ukutani, akaita. Bibi Harusi huku chini aliinama, akarukaruka, wakacheza kila mmoja upande wake. Mimi nilisahau hata chai jikoni. Nilimwonea huruma. Korongo hatagi uani. Hutaga katikati ya mafunjo, majini, ambako mbwa hafiki. Nikaapa mkasi sitaushika tena.

Mume wangu Munyakazi alinicheka. "Mama Natacha, unamwoza ndege? Mahari utalipwa vyura?"

"Endelea kufyeka mafunjo," nikamjibu, "uone kama hata hao vyura watabaki."

Ugomvi wetu ulikuwa huo. Mafunjo yakiisha, maji hukauka; maji yakikauka, vyura huhama, na korongo huwafuata. Munyakazi alijua. Lakini mama yake na ndugu zake walikuwa wamekimbia vita huko Byumba, nyumba imejaa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu wageni walikuja, bonde likaugua. Akafyeka, akainua matuta ya viazi vitamu, na viazi hivyo nilivila, sitasema uongo. Nilimwomba kitu kimoja tu: kile kichaka cha mwisho pale mtoni akiache, ndege wapate pa kutagia. Akakubali.

Masika yote manyoya yalikua, na mimi nilitembea kama niko usingizini, nikisikia mbawa hata kwenye mvua. Asubuhi moja Bibi Harusi alizikunjua, akapita juu ya paa, ukungu ukawameza yeye na dume wake. Nililia kwa furaha, mwiko mkononi.

Mchana Munyakazi alirudi na jembe begani, hanitazami.

"Nimewaona," akasema. "Wanazunguka tu juu ya matuta."

"Si wana kichaka chao?"

"Mama aliomba tuta moja zaidi. Nililima juzi."

"Juzi," nikasema. Nilimchukia, na nyuma yake niliwasikia ndugu zake wakimenya viazi.

Jioni Bibi Harusi alirudi peke yake, miguu imejaa udongo wa shamba letu. Akatembea polepole mpaka kwenye kigoda changu, akasimama, akaninyooshea bawa nimkate.