Neno Moja Kabla ya Saa Sita

Jethro Luscombe alikuwa fundi wa magurudumu, na katika kijiji cha Yarncombe, huko Devon, ni magari machache ya farasi ambayo hayakupita mikononi mwake. Lakini kwa maneno, maskini, alipimiwa kwa kijiko. Alikuwa na kigugumizi. Si kwa kila mtu, maana akisema na farasi alinyooka vizuri, na akiwa na Keziah, mchumba wake, peke yao alikuwa chiriku. Mbele za watu ndipo ulimi ulipomgeuka, na sauti iliyomwonea kuliko zote ni ile inayotaka midomo ikunjwe duara, kama mtu anayepuliza moto. Akifika hapo hupuliza weee, na moto hauwaki.

Sasa, katika nchi ile mtu haoi kwa kutikisa kichwa. Kasisi humwuliza mbele ya kanisa zima kama atampenda mwanamke huyu na kumtunza katika uzima na ugonjwa, naye hujibu kwa sauti: I will, yaani nitafanya hivyo. Maneno mawili! Watoto huyasema wakicheza. Jethro hakuwa amelala vizuri tangu siku jina lake lilipotangazwa kanisani.

Wiki ya arusi alimwendea Kasisi Yelland, akamkuta bustanini akipanda maharage.

"Mchungaji, h-hakuna neno jingine? Nikisema ndiyo tu?"

"Ndiyo ni ya kununulia nguruwe," alisema kasisi bila kuinua kichwa. "Kitabu kinataka neno lake."

"Na nikiinamisha kichwa?"

"Hata ng'ombe huinamisha kichwa, mwanangu." Kisha akamtazama, akaona uso wa kijana umemshuka. Akaweka mbegu chini. "Niambie kweli. Ni ulimi tu, au kuna jingine?"

Jethro alichimba udongo kwa ncha ya kiatu. "Baba yangu alilisema neno hilo. P-pale pale. Nitampenda, nitamtunza. Mimi nikiwa mdogo akaenda Bideford kununua mbao, na mpaka leo ananunua. Nitajuaje ya kesho, Mchungaji? Mtu ataahidije kitu asichokiona?"

Kasisi Yelland alikuwa mtu mwema, ila ukimgusa kwenye historia ya maneno umejitakia. Wenzake walifuga mbwa wa kuwindia. Yeye alifuga maneno. Akamketisha Jethro juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Sikiliza. Hilo will unalolikimbia halikuzaliwa kuwa neno la kesho. Mababu zetu, enzi za wafalme ambao hata majina yao yanatuvunja meno, walilitumia kusema nataka. Nataka mkate, nataka mke, nataka nilale. Wakitaka kusema la wajibu, mtu akiwa na deni shingoni, walikuwa na shall. Kesho yenyewe haikuwa na neno lake, ikawa yaazima nguo kwa hao wawili, leo kwa huyu, kesho kutwa kwa yule. Imeivaa hiyo will miaka mingi hata watu wamemsahau mwenye nguo."

"Nani anakumbuka m-mambo hayo?"

"Wewe mwenyewe. Mtu akifa, wosia wake tunauitaje? Will. Yaani alivyotaka marehemu. Na Mama yako akikwambia will you chai, anakutaka utabiri? Anauliza kama wataka chai!"

Nasi Waswahili tusiwacheke. Wajuzi wanasema hata "nitakwenda" yetu ilizaliwa na "nataka kwenda", na ukisema "atakayekuja" utaona hiyo taka bado imekaa katikati, haijahama. Inaelekea kila aliyewahi kuisema kesho alianza kwa kuitamani.

"Kwa hiyo siku ya arusi," alimalizia kasisi, "sikuulizi kama wewe ni nabii. Nakuuliza kama unamtaka. Je, unamtaka?"

"Namtaka tangu hajaota meno ya mbele mara ya pili," alisema Jethro, wala hakukwama popote.

Aliondoka pale kifua kimemfunguka. Hofu ya baba yake ilikuwa imetoka. Ulimi, lakini, hauna habari na mafundisho, na ulimi ulibaki na shughuli yake.

Tena palikuwa na Mzee Chugg, baba yake Keziah, tajiri wa ng'ombe na siagi. Binti alikuwa hajafikisha umri wa kuolewa bila idhini ya baba, na idhini hiyo mzee aliitoa sokoni akiwa amechangamka kwa pombe ya tufaha. Pombe ilipomtoka alijuta. Kurudisha neno aliona aibu, basi akalifupisha.

"Ruhusa yangu ni ya siku hiyo moja," aliwaambia watu. "Sheria inasema ndoa zifungwe kabla ya saa sita mchana. Saa sita ikilia kijana hajajibu, nachukua binti yangu. Asiyeweza kumwambia Mungu neno moja atamwambia nini mwenye nyumba siku ya kodi?"

Na kweli kila kitu kilifanya haraka kumsaidia mzee. Asubuhi ya arusi gari la Mzee Chugg lilivunjika gurudumu bondeni, bibi arusi akiwa ndani na shela yake. Spoki za gurudumu lile zilikuwa zimelegea tangu mwaka uliopita, lakini mzee aliapa hampelekei kazi Luscombe. Aliyepelekwa mbio kulitengeneza ni nani? Bwana arusi, kwa koti lake jipya, amepiga magoti matopeni, huku baba mkwe amesimama juu yake anatazama saa yake ya mfukoni.

"Usiharakishe," alisema Mzee Chugg. "Kazi nzuri haitaki haraka."

Walipofika kanisani muda ulikuwa umekwenda sana. Kasisi alisoma haraka kuliko siku zote. Alipofika kwenye swali alilisoma polepole, akamtazama Jethro machoni.

Jethro alifungua kinywa. I ilitoka. Midomo ikajikunja duara, ikakaa hapo hapo. Alipuliza. Jasho likamtiririka. Nyuma yake viti vilijaa kijiji kizima, na kijiji kizima kilikuwa kinamtazama kisogoni kwa huruma, na hakuna kitu kinachomkaba mwenye kigugumizi kama huruma ya watu wengi. Mama yake, Thirza, alikuwa amefumba macho kwenye kiti cha mbele, midomo yake nayo imejikunja, anamsaidia mwanawe kupuliza. Juu mnarani mtambo wa saa ulikoroma, kengele ikaanza kulia.

Ililia mpaka ikamaliza. Jethro hakuwa amesema.

Mzee Chugg akavaa kofia yake humo humo kanisani. "Basi. Keziah, twende nyumbani."

"Baba, ngoja!"

"Saa imelia. Kila mtu amesikia."

Jethro aliona dunia inamkimbia. Laiti angeweza kusema neno lolote, hata tusi.

"Vua kofia, Mzee Chugg," alisema Kasisi Yelland kwa upole. "Na uniambie, hiyo iliyolia ni saa sita ya nani?"

"Ya nani vipi? Ya kanisa!"

"Ni ya treni. Mwaka jana malai yako ya maziwa yaliachwa na treni, ukaja kwenye kikao cha parokia ukapiga meza mpaka tukaisogeza saa ya mnara ifuate ya stesheni. Stesheni inafuata London. London jua hulipata mapema. Sisi huku magharibi hutufikia kama robo saa baadaye. Mahakama zimekwisha kusema kwamba sheria inafuata jua la mahali watu walipo. Malai yako yako chini ya London, Mzee. Arusi iko chini ya jua la Yarncombe."

Kicheko kikapita kanisani. Mzee Chugg akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Sikubali mpaka nione!"

"Kaone. Saa ya jua ipo ukutani, upande wa kusini. Leo hakuna wingu."

Mzee akatoka kwa kishindo. Nyuma yake wakatoka waliotaka kumwona akishindwa, na nyuma ya hao waliotaka tu kuona, na mwisho wazee wakikongojea ili wasihadithiwe. Viti vikabaki vitupu. Ndani walibaki kasisi, maharusi, Thirza na dada mkubwa wa Keziah. Nje zilisikika kelele za watu wakibishana na kivuli.

Ghafla kanisa likawa kubwa na kimya. Jethro alivuta pumzi iliyofika tumboni.

"Wewe," alinong'ona Keziah, "una grisi ya gurudumu puani. Tangu uingie."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani utaoa na pua hiyo hiyo."

Jethro akacheka. Alimtazama msichana yule, shela imemwenda upande, macho yamemjaa machozi na bado anacheka, akamtaka kwa moyo wake wote kama alivyomtaka miaka yote. Akageuka kwa kasisi, akasema kama mtu anayeomba maji ya kunywa:

"I will."

Thirza alitoa sauti ndogo, akajifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yake yalitikisika, na kilio chenyewe kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo.

Mzee Chugg alirudi na msafara wake, kofia mkononi. "Bado kidogo," alikiri kwa kunung'unika. "Haya. Aseme, basi."

"Ameshasema," alisema kasisi.

"Ameshasema? Mimi sikusikia!"

"Kwani uliulizwa wewe?" alisema Keziah. "Nimesikia mimi. Ndimi ninayechukuliwa."

Watu wakaangua kicheko, na mzee, akiona hata mchunga ng'ombe wake anacheka, akaketi. Baadaye baadhi yao walisema alitabasamu. Mimi siwezi kuapa.

Kasisi akamgeukia bibi arusi. Akamwuliza swali lile lile: atampenda mwanamume huyu, atamtunza, katika uzima na ugonjwa?

Keziah, msichana ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu alipojifunza kusema, alifungua kinywa, na kilio chote alichokizuia tangu asubuhi kikampanda kooni. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Midomo ilitetemeka, machozi yakamporomoka, neno hakuna. Kanisa zima likageuza shingo kutazama upande wa saa ya jua. Mzee Chugg aliinuka nusu kwenye kiti.

Jethro akamshika mkono mbele ya watu wote.

"Taratibu, mpenzi," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kiti cha mwisho, laini, bila kukwama. "Mimi nangoja."