Lebo ya Mwenye Ngamia

Kwetu Hadado humuulizi mtu ana ngamia wangapi. Muulize habari za nyumbani, za mvua, hata za jino lake bovu, lakini ukigusa idadi ya mifugo yake atakutazama kama mtu aliyekukuta umetia mkono mfukoni mwake. Atajiuliza: huyu anataka nini? Na mara nyingi huwa ana haki ya kujiuliza.

Ndiyo maana nilishtuka mzee Duale, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliponiambia niweke majina.

Kazi yenyewe haikuwa na ubaya. Pampu yetu ya sola ilikuwa inazima kila mara, na hakuna aliyejua kama kisima kinakauka au betri zinachoka. Kamati ikaniajiri mimi, Hamdi, niliyerudi kutoka chuo Nairobi na kompyuta moja na maneno mengi. Nilifunga mita kwenye kila birika la kunyweshea, nikaweka seva ndogo kwenye chumba cha pampu, nikasimamisha databesi ya vipimo vya wakati. Usitishwe na jina hilo. Kila baada ya muda mfupi mita inaandika mstari: saa, lita, birika lipi. Mistari inajipanga kwa wakati, nawe ukifungua simu unaona grafu inapanda na kushuka. Asubuhi ngamia, mchana mbuzi, jioni punda wa akina mama.

"Ongeza na jina la mwenye kadi," Duale alisema. Kila mfugaji ana kadi, anaigusisha birikani ndipo maji yafunguke. "Tujue nani ananywesha na nani anafuja."

Mzee ambaye simu yake huizima kwa kutoa betri, leo anataka lebo ya jina kwenye kila mstari! Nilimtilia shaka palepale. Lakini mwajiri ni mwajiri, nikaweka.

Databesi ikitunzwa vizuri hujipima yenyewe pia: imeulizwa mara ngapi, na imeulizwa nini. Asubuhi moja niliona seva inajikokota, nikaenda kutazama nani anaisumbua. Kulikuwa na mtu anayeuliza jina lile lile kila siku, kabla hata ya chai. Rukiyo. Rukiyo ni mama yangu, hooyo kama tunavyosema kwetu.

Baba alipofariki, ndugu yake, adeer Siyad, alikuja na maneno matamu akawachukua ngamia majike "awaangalie", maana mwanamke atawezaje. Hatukuwaona tena. Ukimuuliza, anasema ukame. Hooyo alibaki na wachache waliokonda, akahangaika nao miaka, wakazaana kimyakimya, naye kila siku akawa anawaambia watu, "Ukame umenimaliza." Siyad akijua kundi limerudi, atakuja tena na maneno yake matamu, na safari hii hooyo hatakuwa na pa kuanzia.

Sasa nani alikuwa anamchungulia? Mbali na mimi, wenye neno la siri walikuwa wawili, Duale na Abdinasir mwendesha pampu, nao walitumia moja. Shaka yangu ilimwangukia Abdinasir, kwa kuwa ameoa binti wa Siyad. Nilimwangalia kwa jicho la pembeni: anapokea simu, anatoka nje, anacheka, anacheka nini? Hata chai aliyonipa niliinusa kwanza. Nikampa kila mmoja neno lake la siri, nikasema ni kanuni ya usalama, nikangoja.

Abdinasir, maskini, alikuwa anaingia kutazama betri tu. Aliyekuwa akiuliza jina la mama yangu ni Duale.

Kabla sijajua nifanye nini, Siyad alitua nyumbani kwa hooyo. Nilimkuta ameshakunywa chai.

"Mashallah, Rukiyo," alisema, "nasikia Mungu amekujaza. Ngamia sitini si mchezo kwa mwanamke peke yake."

Sitini! Hooyo hana hata nusu ya hao. Hapo hapo nilielewa: Duale alichukua lita za kadi yake, akazigawanya kwa kiu ya ngamia mmoja, akampelekea Siyad jibu. Ila kwetu kadi inaazimwa kama kiberiti. Jirani amepoteza yake, msafiri anapitisha mifugo kwenda soko la Garissa, wote wanagusisha ya Rukiyo, kwani nani atamnyima mnyama maji? Wale sitini walikuwa wanaishi ndani ya databesi yangu tu.

"Si wangu wote," hooyo alisema.

"Basi wahesabiwe. Ijumaa nitakuwa birikani na wazee wawili. Wakiwa wachache, nitakuomba radhi."

Akaaga kwa heshima zote, mnafiki mkubwa. Hooyo akikubali, Siyad atawaona majike na ndama wao, atadai. Akikataa, sitini watakuwa kweli.

"Hooyo," aliniita, maana kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye, "sitini wametoka wapi?"

Nikamweleza.

"Jina langu limo humo ndani?"

"Limo."

"Nani aliliweka?"

Nilitaka kumtaja Duale. "Mimi," nikasema.

Hakuninyanyulia sauti. Aliviosha vikombe, akavifuta, akavipanga, na hakunitazama tena jioni ile. Nilirudi kulala chumba cha kamati kando ya pampu, nikiwa na hasira na kila mtu.

Kesho yake niliitangazia kamati kwamba seva inalemewa na majina. Ulikuwa ukweli nusu: lebo zikiwa nyingi, databesi ya aina hii huwa nzito. Nikaifuta lebo ya mwenye kadi, na mistari yote ya nyuma iliyokuwa na jina. Zikabaki jumla za kila birika, basi.

"Na tutajuaje nani anafuja?" Duale aling'aka.

"Kama mlivyojua kabla sijaja, mzee. Au nikuulize mimi: jina la mama yangu ulikuwa unalitafutia nini kila asubuhi?"

Duale alikohoa, akaiweka sawa kofia yake. "Walaahi, simu hii inajifungua yenyewe."

Abdinasir aligeukia ukutani kuficha kicheko. Nami nilijiona nimemaliza kazi.

Ijumaa Siyad na wazee wake walifika mapema wakaketi kwenye kivuli cha chumba cha pampu, Duale pamoja nao, simu mkononi. Makundi yakaja, yakanywa, yakaondoka. Hooyo hakutokea. Mimi nilikuwa mlangoni, naitazama grafu. Ilipanda kama kila asubuhi, kisha ikasimama chini ya pale inaposimama siku zote.

"Maji ya leo yamepungua," Duale alisema. "Ni yeye aliyekosekana. Amewatorosha."

"Yamepungua kiasi gani?" Siyad aliuliza.

Ndipo nilipoona upumbavu wangu. Majirani walikuwa wamekuja na ngamia wao, kwa kadi zao au za kuazima. Kilichokosekana kwenye jumla kilikuwa ngamia wa hooyo peke yao, na Duale alikuwa ameshaanza kugawanya kwa vidole. Nilifuta jina, nikawaachia hesabu iliyo sahihi kuliko ile ya kwanza.

Nikachomoa kadi ya kamati, nikaenda birika la mwisho, nikalifungua. "Akina mama!" nikapaza sauti. "Leteni mitungi, leteni punda, leteni mbuzi! Leo kamati inatoa sadaka ya Ijumaa!"

Walikuja mbio, nani anakataa maji ya bure? Mitungi ikajaa, mbuzi wakasukumana, punda wakanywa mpaka wakachoka. Nilipotazama simu, grafu ilikuwa imepita hata pale pa kawaida.

"Mbona yanapanda?" Duale aliigonga simu yake. Siyad alimnyang'anya, akaitazama, akamrudishia kwa hasira. Hawakuwa na cha kugawanya. Mchana waliondoka bila idadi.

Kipimo cha siku ile ni cha uongo na hakitafutwa kamwe. Nimekiacha makusudi, nami nakionea fahari.

Aliyechota mwisho alikuwa Bishara, jirani wa hooyo tangu sijazaliwa. Nilimsaidia kumpandishia punda mtungi, nikamwita shangazi kwa heshima, nikamuuliza polepole, "Eddo, hooyo yuko salama?"

"Yuko salama. Amehama alfajiri, na ngamia wake."

"Ameelekea wapi?"

Bishara aliacha kufunga kamba. Aliitazama simu mkononi mwangu, kisha akanitazama usoni, kama mtu aliyenikuta nimetia mkono mfukoni mwake.

"Unauliza ya nini?" akasema.