Isipokuwa Mwanangu

Hivi wewe umewahi kusoma kwa sauti maneno usiyoyaamini, ukayasoma kutwa nzima mpaka koo likakauka, tena ukayasoma vizuri bila kuruka hata moja? Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mama Nukta kwa miaka kumi na tisa, katika kiwanda cha serikali cha kupiga chapa.

Jina hilo alipewa na wenzake, nalo lilimkaa sawasawa. Kazi ya kusahihisha pale ilifanywa na watu wawili wawili. Mmoja anashika karatasi zilizotoka kwa mwandishi, anasoma kwa sauti kila kilichomo: neno, mkato, nukta, herufi kubwa, aya mpya. Mwenzake anashika karatasi za majaribio zilizotoka mashineni, anafuatisha kwa kidole. Akisikia neno ambalo kwenye karatasi yake halipo, analiongeza kwa kalamu nyekundu. Haulizi, haguni. Mkianza kuulizana katikati mnapoteza mstari, na saa nzima imekwenda bure.

Mwenzake alikuwa Mzee Kifutio, mtu mrefu aliyepinda mabega kwa kuinamia meza, asiyekosa kifutio kwenye mfuko wa shati ingawa kalamu nyekundu haifutiki. Walikaa chumba cha nyuma, kwenye meza iliyokatwa kona moja ili mlango upate kufunguka, mashine zikinguruma upande wa pili hata chai ikitetemeka kikombeni.

"Leo umekuja na sauti au umeiacha nyumbani?" Mzee Kifutio humtania kila asubuhi.

"Nimekuja nayo. Wewe umekuja na masikio?"

"Moja. Lingine nimemwachia mke wangu, alikuwa hajamaliza kusema."

Lakini cheko la Mama Nukta lilikuwa limepungua tangu mwanawe aondoke. Alikuwa na huyo mmoja tu, mwandishi wa gazeti. Kijana aliandika habari za dawa za hospitali, zilizokuwa zikiingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Wiki hiyo hiyo gazeti likafungwa, na watu wawili wasiosema wametoka wapi wakaja nyumbani kumuulizia. Walipokuja mara ya pili, hawakumkuta. Alikuwa ameondoka asubuhi ile na mfuko mmoja, akaacha shati la kijani kambani, bado bichi. Miaka mitatu na miezi minne.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana kijana alipiga simu. Mama Nukta aliipokea akiwa amekaa kwenye kitanda cha mwanawe. Godoro la kitanda hicho alilitoa juani kila Jumamosi, akaligeuza, akalirudisha na shuka safi, kama mtu anayengojea mgeni wa jioni ile ile.

"Hamjambo huko, mama?"

"Hatujambo, baba. Huku hakuna neno."

"Goti je?"

"Goti lipi? Nakimbia kama ndama."

"Kweli, mama?"

"Kweli. Wewe kaa huko, usiwe na wasiwasi."

Goti lilikuwa limevimba kama boga. Ila aliogopa. Akisema neno moja tu la kumtamani, kijana atapanda gari arudi, na wale watu wawili hawajahama. Kwa hiyo Jumapili baada ya Jumapili alilimeza neno lake, simu ikakatika, naye akabaki ameishika shavuni mpaka ipoe.

Siku moja, mchana, kikaletwa kijitabu. Watu wa nje walikuwa wamesema waandishi wa nchi hii wanaonewa, na waziri alitaka kuwajibu kesho yake saa nne, kijitabu mkononi. Dereva wa wizara alisimama mlangoni akichezesha funguo.

Mama Nukta akasoma. Alisoma kwamba magazeti manne hayakufungwa, yamepumzishwa ili yajipange. Mzee Kifutio, ambaye kwa kanuni hakutakiwa kutia neno, akakohoa kidogo. Alisoma kwamba hakuna anayesikiliza simu za waandishi. Alisoma kwamba uhuru umeongezeka kwa kiwango cha kuridhisha, na hapo kikohozi cha mwenzake kikawa kirefu hata akaombwa anywe maji. Wakafika ukurasa wa thelathini na moja.

"Hakuna mwandishi hata mmoja aliyelazimika kuiacha nchi hii," akasoma, kwa sauti ile ile iliyonyooka kama rula, "isipokuwa mwanangu, nukta. Aya mpya."

Hakujua. Hayo maneno mawili kabla ya nukta alidhani ameyasema moyoni. Na mkono wa Mzee Kifutio, kwa miaka kumi na tisa, ulikuwa umezoea kuitangulia akili yake. Ukaandika.

Desturi ni kwamba wakimaliza, wanabadilishana viti na kusoma mara ya pili. Siku hiyo dereva akasema, "Jamani, mnataka nifukuzwe?" Wakatia sahihi zao mbili, akazinyakua karatasi. Mpanga herufi akatia kila kilichoandikwa kwa nyekundu, maana naye si kazi yake kuuliza, na kabla jua halijazama nakala elfu tatu zilikuwa zimefungwa kamba.

Kesho yake redio ya kiwandani ilifunguliwa kwa sauti kubwa, wafanyakazi wamesimama na vikombe. Waziri alizungumza vizuri sana, maana alikuwa anasoma. Alipomaliza, mwandishi mmoja mwanamke akaomba kuuliza.

"Mheshimiwa, ukurasa wa thelathini na moja. Utatusomea mwenyewe au nikusaidie?"

Akamsaidia. Alipofika mwisho wa sentensi akauliza, "Sasa mheshimiwa, pole sana. Huyo mwanao yuko nchi gani?" Watu wakaangua kicheko, na redio ikakatika ghafla, zikaja nyimbo.

Mama Nukta alishika ukingo wa meza, akamgeukia Mzee Kifutio. "Nilisema?"

"Ulisema."

"Na wewe ukaandika?"

"Umesoma. Ulitaka nichore ua?"

Alirudi nyumbani akipita pembeni pembeni, lakini habari ilikuwa imemtangulia. Jirani yake, fundi cherehani, alikuwa barazani na wateja watatu, wote wakijifuta machozi ya kucheka.

"Shoga, umesikia? Magazeti yamepumzishwa! Kama mjomba wangu. Naye tumempumzisha, mwaka wa sita huu hajaamka!"

"Kurasa arobaini," akasema mteja aliyekuwa akingojea suruali yake, "wameteleza mara moja tu wakasema kweli."

"Labda ni mtego," mwingine akasema. "Hawa usiwaamini, hata wakikuambia leo ni Jumatano, kaangalie kalenda."

Fundi akaacha kucheka. Alikata uzi kwa meno, akasema polepole, "Lakini aliyeyaandika hayo ana mtoto. Maneno kama hayo mtu hayatungi."

Mama Nukta alijifanya anatafuta ufunguo kwenye mkoba. Ufunguo alikuwa nao mkononi.

Asubuhi yake, Alhamisi, mkuu wa kiwanda aliwaita wote wawili. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu tu, na jasho lilikuwa limemlowesha kola ingawa ilikuwa saa mbili tu ya asubuhi.

"Mama, tulimalize hili. Umebakiza miezi minane ustaafu. Weka sahihi hapa, wizara itatulia."

Ilikuwa barua fupi, imeshapigwa chapa. Mama Nukta akavaa miwani, na kwa mazoea akaisoma kwa sauti. "Mimi niliyetajwa hapo juu nilighafilika, nukta. Mwanangu aliondoka nchini kwa hiari yake, nukta."

Kisha akanyoosha mkono, akachomoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa Mzee Kifutio, akapiga mstari juu ya "kwa hiari yake".

"Mama, unafanya nini?"

"Nasahihisha, mkuu. Ndiyo kazi mliyonipa."

"Unajua nitalazimika kukurudisha nyumbani?"

"Najua."

Mzee Kifutio akaivuta barua, akaisoma kimya, akatia sahihi yake pembeni ya mstari ule mwekundu, mahali pa msahihishaji wa pili. Wakatoka pamoja, polepole kwa ajili ya goti. Getini akamuuliza, "Sasa kesho tunaamka saa ngapi?"

"Wewe lala tu, mzee wangu."

Mchana alikuwa jikoni akichambua mchele, simu ikalia siku isiyo yake.

"Mama." Alikuwa mwanawe. "Ukurasa umefika mpaka huku. Watu wanatumiana. Nimeutazama tangu asubuhi. Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, baba."

"Wamekufanya nini?"

"Wamenirudisha nyumbani. Lakini huku..." Yale maneno ya kila Jumapili yakamjia mdomoni, laini kwa kutumika sana. Na kwa mara ya kwanza akayasikia jinsi mwanawe alivyokuwa akiyasikia miaka yote mitatu: kama watu wa barazani walivyomsikia waziri.

Akaweka sinia la mchele chini.

"Goti linaniuma," akasema. "Limevimba tangu mwaka jana. Na wewe, hiyo kazi ya ofisini unayoniambia?"

"Si ofisi, mama. Napakia maboksi."

"Nilijua."

"Nami nilijua la goti."

Nje cherehani ya jirani ilikwenda, ikasimama, ikaendelea.

"Usije kesho," akasema Mama Nukta. "Juzi nimemwona mmoja wa wale watu sokoni, ananunua vitunguu kama binadamu. Kwa hiyo usije kesho. Lakini hujawahi kuniuliza mimi nataka nini."

"Nakuuliza, mama."

"Nataka urudi. Nataka uingie kwa mlango huu, uvue viatu vyako, uniambie una njaa."