Somo Lililopikwa Likaiva Mno

Shule mbili zilikuwa zimeshanionyesha mlango kabla ya hii. Ya kwanza ilifungwa, tukatoka sote na mwenye shule akiwa mbele yetu. Ya pili nilitoka peke yangu. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliponiambia kwamba majaribio yangu ya miezi mitatu yanaisha Jumanne, mkaguzi atakapokuja kuangalia somo langu la Kiingereza darasa la tatu, na kwamba neno lake ndilo litakaloamua nibaki au nifungashe, nilitabasamu kama mtu aliyeng'atwa na siafu mbele ya wakwe.

"Usihofu," akasema mwalimu wa hesabu, ambaye meza yake imebanana na yangu hata mafua tunagawana. "Somo la ukaguzi halifundishwi, linapikwa. Hapa ndivyo tunavyofanya wote. Unalirudia na watoto siku kadhaa, kila mtoto na jibu lake. Mkaguzi akifika, unampakulia tu."

"Na akigundua?"

"Mimi nampakulia mwaka wa tisa huu. Umesikia ameumwa tumbo?"

Naishi kwa dada yangu, fundi cherehani, na sebule yake ndiyo karakana yake. Jumapili nikatandaza andalio langu la somo kwenye meza ya kukatia vitambaa. Dakika arobaini, zote zimejaa. Vitu thelathini vya nyumbani, watoto thelathini, sentensi moja kwa kila mtoto, kwa mpangilio wa madawati kuanzia dirishani hadi mlangoni. Kikombe, kijiko, ufagio, ndoo, kiatu, na kuendelea.

Dada akachungulia juu ya miwani. "Hapa mtoto anaongea saa ngapi?"

"Dakika ya tano mpaka ya thelathini na tano."

"Hapo anakariri. Mimi nimeuliza anaongea saa ngapi."

"Dada, wewe shona."

"Nashona. Ila ukirudi tena na virago, chakula chako kipo, na vifungo vya sare zote za muhula huu ni vyako."

Binti yake, mpwa wangu, yumo darasani mwangu; ndiye namba kumi na mbili, wa kufuli. Akainua kichwa kwenye daftari lake. "Mjomba, mimi nimelichoka kufuli."

"Hilo kufuli ndilo ugali wangu. Kariri."

Jumatatu tulirudia mara saba. Kufikia mchana, hata paka wa mlinzi angepita dirishani angetaja sentensi yake.

Jumanne mkaguzi akaja, mzee mrefu mwenye shati lililonyooka kama rula. Akakaa dawati la nyuma na mwalimu mkuu, magoti yakimgusa kidevu. Nikainua kikombe.

"This is a cup!" akasema wa kwanza, kwa sauti ya kuita abiria. Kijiko, sawa. Ufagio, sawa. Nikainua ndoo.

Namba nne hakuwepo. Alikuwa nyumbani na jino linalouma, na mimi, kwa hofu, nilikuwa sijaita hata majina. Wa tano akaona mwenzake wa tatu ameketi, akajua zamu imefika. Akasimama. "This is a shoe!"

Andalio langu lilisema: *mwalimu apongeze*. Nikapongeza. Nikainua kiatu, wa sita akakiita mshumaa. Mshumaa ukawa yai. Yai likawa nyundo. "Very good," nikaendelea kusema, jasho likinitiririka mgongoni, maana garimoshi likishaacha reli hakuna anayejua breki iko wapi. Mwalimu mkuu alikuwa ameanza kusoma dari.

Nikainua kitana, kitu cha kumi na moja. Mpwa wangu akasimama. Akakitazama kitana. Akanitazama mimi.

"What is the matter?" mkaguzi akauliza kutoka nyuma.

Mtoto akageuka. "My uncle is afraid," akasema.

Hilo halikuwa kwenye andalio. Neno lenyewe tulikutana nalo mwezi uliopita, kwenye hadithi ya mbuzi anayeogopa mvua, nikadhani limeingia huku likatokea kule.

"Very afraid!" akadakia wa dirishani.

"His shirt is water!" akaongeza mwingine, akinionyesha makwapa. Darasa likapasuka kwa kicheko, na mkaguzi naye kikohozi kikamshika ghafla.

Nikalikunja andalio, nikalitia mfukoni. Kama ni kuzama, bora nizame naogelea. "Why am I afraid?" nikauliza.

Mikono ikaota kama uyoga. Kwa sababu mtu mkubwa amekuja. Kwa sababu utafukuzwa. Kwa sababu mama atakupa vifungo; huyo mnamjua. Kila sentensi niliiandika ubaoni na kombo lake, tukainyoosha pamoja, wao wakigombana nani kakosea wapi. Nikawaambia wamuulize mgeni lolote. Wakamuuliza kama ana watoto, kama hayo magoti hayaumi, kama na yeye anaogopa kitu.

"My wife," akajibu mkaguzi. Kengele ililia bado wanamdai sababu.

Ofisini alinyoosha mkono, nikampa karatasi niliyoikunja. Akaisoma polepole.

"Andalio bovu," akasema. "Mwanzo nimeona kanda inacheza. Mwisho nimeona watoto. Nimpe alama mwalimu yupi?"

"Mzee, yule wa mwanzo hata mimi simtaki."

Hakucheka. Akaigeuza karatasi upande mweupe. "Andika somo la kesho. Hapa hapa, sasa hivi."

Nikaandika. Kila mtoto alete kitu kimoja kutoka nyumbani, kimefichwa mfukoni. Wenzake wamuulize kwa Kiingereza mpaka wakijue. Mwalimu asaidie neno likikwama, kisha akae pembeni.

"Na majibu yatakuwa yapi?" akauliza mkaguzi. "Mbona hapa umeacha wazi?"

Nikafikiria kubuni jibu. Nikakosa nguvu. "Sijui, mzee. Sijui wataleta nini."

Akachukua kalamu. Kwenye ripoti akaandika: *Abaki. Nitarudi bila kupiga hodi.*

Mlangoni kulikuwa na kichwa kidogo kinachungulia. "Mjomba..."

"Mwalimu," nikamsahihisha.

"Mwalimu, unabaki?"

"Uliza kwa Kiingereza."

Akakunja uso, akatafuta, akapata. "You stay?"

Mkaguzi akanitazama aone nitafanya nini na kosa lile.

"I stay," nikasema.

Akatimua mbio koridoni akilitangazia darasa zima. Kosa nililiacha likimbie naye. Kesho tuna dakika arobaini.